Anayeshika daftari la majina ya intaneti asiwe na duka la majina hayo

Mhariri,

Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025 imetufanya tuzungumze, barazani na ndani ya matatu, kuhusu wabunge wenye kampuni za barabara na wawakilishi wadi ambao shemeji zao hushinda zabuni. Mazungumzo hayo ni ya haki. Naomba nafasi katika ukurasa wako niongeze ofisi za aina moja ambazo sijasikia zikitajwa: zile zinazoshika daftari la majina ya intaneti, kuanzia ICANN huko Los Angeles, inayosimamia majina ya dunia nzima, mpaka KENIC hapa kwetu, inayoshika majina ya .ke.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama Likoni. Kwa kuwa nilisomea kompyuta kidogo, vikundi jirani vimenikabidhi pia tovuti zao: chama cha wavuvi, maktaba ya vijana, na wazazi wa watoto wenye ulemavu ambao hukutana nyuma ya shule ya msingi. Kila mwaka ni mimi ninayewapigia simu viongozi wao, ninayekusanya pesa na kulipia majina. Mengi ya majina hayo yanaishia na .org, machache na .or.ke. Jina moja la .org hunigharimu kama Sh1,800 kwa mwaka. Kwa ofisi ya Nairobi yenye mfadhili hizo si pesa. Kwa akina mama wanaochanga mia mbili mbili kila Jumamosi, ni pesa zinazojadiliwa mkutanoni na kuandikwa kwenye kumbukumbu.

Wengi hudhani jina la tovuti hununuliwa, yakaisha. Halinunuliwi, hukodishwa mwaka hadi mwaka. Sehemu ya pesa ninazotuma kwa M-Pesa hubaki kwa wakala, na sehemu hufika kwa anayeshika daftari lote la .org, yaani Public Interest Registry ya Virginia, Marekani, ambayo ni mali ya shirika lisilo la faida liitwalo Internet Society. Juu yao iko ICANN, shirika lililoundwa California mwaka 1998, ambalo huandika mikataba na kuamua nani ashike daftari lipi na kwa masharti gani. Sisi wa Pwani hatuhitaji somo refu kuhusu daftari. Likoni watu wamezaa na kuzika juu ya ardhi ambayo karatasi yake iko kwa mtu mwingine, na tunajua kwamba mwenye nguvu si anayelima wala anayejenga, ni yule anayeandika jina kitabuni.

Basi sikilizeni yaliyotokea kwa daftari la .org. Mkataba wa zamani uliweka kikomo: bei haikuruhusiwa kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 2019 ICANN ilipendekeza kukiondoa kikomo hicho, ikakaribisha maoni ya umma. Yalifika maoni zaidi ya 3,000, na karibu yote yalikataa. Mnamo Juni 30, 2019 mkataba mpya ulisainiwa bila kikomo. Novemba mwaka huohuo, miezi mitano tu baadaye, Internet Society ikatangaza kwamba inaiuza Public Interest Registry kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Ethos Capital, kwa dola bilioni 1.135. Daftari lenye majina zaidi ya milioni 10, ya mashirika ya misaada, misikiti, makanisa, vyama vya wafanyakazi na vikundi kama changu, lilikuwa linahamia kwa watu ambao kazi yao ni kuzalisha faida kwa wawekezaji.

Na wanunuzi walikuwa akina nani? Mshauri wa Ethos alikuwa Fadi Chehadé, aliyekuwa mkuu wa ICANN tangu 2012 hadi 2016. Ndani ya kampuni hiyo alikuwemo pia afisa mwingine aliyewahi kushika cheo cha juu ICANN. Mwanzilishi wa Ethos, Erik Brooks, alitoka kampuni ya uwekezaji ya Abry Partners, ambayo mwaka 2018 iliinunua Donuts, mmiliki wa mamia ya vikoa vipya, yaani miisho ya majina kama ilivyo .org. Mwaka huohuo Donuts ilimwajiri kuwa mkuu wake Akram Atallah, mtu aliyekuwa akisimamia idara ya vikoa ya ICANN yenyewe. Na mkuu wa Public Interest Registry wakati wa mauzo, Jon Nevett, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Donuts.

Hakuna kati yao aliyeshtakiwa, nami simtuhumu yeyote uhalifu. Ninachosema ni kwamba mwenye kuamua, mwenye kuuza na mwenye kununua walikuwa wakijuana kwa majina ya kwanza, na mwenye kulipa hakuwa chumbani. Inawezekana kabisa kila mmoja alifanya kazi yake kwa moyo safi. Mimi mlipaji nitajuaje? Kanuni za mgongano wa maslahi hazikutungwa kwa ajili ya wezi peke yao, maana wezi wana sheria zao. Zilitungwa ili hata mtu mwadilifu asiwekwe mahali ambapo uadilifu wake hauwezi kuthibitishwa na wale anaowatumikia.

Ethos waliahidi kwamba bei haitapanda zaidi ya wastani wa asilimia 10 kwa mwaka kwa muda wa miaka minane. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Asilimia 10 juu ya asilimia 10 kwa miaka minane ni zaidi ya mara mbili ya bei ya kuanzia. Isitoshe, ununuzi wenyewe ulitegemea mkopo wa dola milioni 360, na deni hilo lingebebwa na daftari lenyewe. Wa kulilipa wangetoka wapi kama si sisi tunaolipia majina kila mwaka?

Mauzo hayo hayakufaulu, na lazima tukumbuke kilichoyazuia. Mashirika yasiyo ya faida yalipiga kelele duniani kote, watu wakaandamana hadi mlangoni pa ICANN mjini Los Angeles Januari 2020, na Aprili 15 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la California wakati huo, Xavier Becerra, akaiandikia ICANN akiitaka isikubali. Wiki mbili baadaye, Aprili 30, 2020, bodi ilikataa. Kwa hiyo kilichotuokoa hakikuwa kanuni ya ndani ya ICANN. Kilikuwa kelele za wananchi na barua ya mwanasheria wa jimbo moja la Marekani, ambaye akina mama wa Likoni hawakumpigia kura wala hawawezi kumpigia. Kingine ni kwamba kikomo cha bei hakikurudi pamoja na ushindi huo. Desemba 2022 jopo huru la usuluhishi, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya usajili ya Namecheap, liliamua kwamba ICANN ilikiuka masharti ya katiba yake kwa namna ilivyokiondoa kikomo bila uwazi unaotakiwa. Uamuzi huo ulikuja zaidi ya miaka mitatu baada ya mkataba kusainiwa.

Niwe mwadilifu kwa Internet Society pia. Fedha zinazotokana na .org zimefanya mema, yakiwemo mitandao ya jamii kama ule wa Kibera. Viongozi wake walisema pesa za mauzo zingewapa mtaji wa kudumu, wasitegemee biashara ya majina peke yake. Hoja hiyo naielewa, hata chama chetu kina ndoto ya kuwa na mtaji wa kudumu. Lakini daftari la .org walikabidhiwa mwaka 2002 walipoomba kwa jina la maslahi ya umma. Kilichotolewa kwa amana hakigeuzwi kitega uchumi bila kuwauliza wenyewe, tena mapema, kabla bei haijapatanwa.

Wala huu haukuwa mkasa wa kwanza. Juni 20, 2011, huko Singapore, bodi ya ICANN ilipitisha mpango wa kufungua vikoa vipya bila idadi maalumu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Peter Dengate Thrush wa New Zealand, ambaye muda wake ulikuwa unamalizika. Wiki chache baadaye alitangazwa kuwa mwenyekiti mtendaji wa kampuni iliyoundwa kufanya biashara ya vikoa hivyohivyo. Machi 2012 mkuu wa ICANN aliyekuwa akiondoka, Rod Beckstrom, alisimama mbele ya mkutano wao nchini Costa Rica akaonya waziwazi kuhusu mgongano wa maslahi ndani ya bodi. Siku hizohizo serikali ya Marekani ilifuta zabuni ya kazi ya kusimamia mzizi wa majina ya intaneti, yaani orodha kuu ya vikoa vyote, ikisema hakuna mwombaji aliyetimiza masharti, na kati ya masharti mapya yaliyowekwa yalikuwemo ya mgongano wa maslahi.

ICANN ilifanya nini? Desemba 2011 ilipitisha kwamba mjumbe wa bodi aliyepiga kura kuidhinisha ombi la kikoa kipya asiajiriwe na wenye ombi hilo kwa miezi 12. Naiheshimu hatua hiyo, ila tazameni ilivyo nyembamba. Inamhusu mjumbe wa bodi, huku maafisa wanaoandaa mikataba na kukaa mezani na makampuni mwaka mzima wakibaki nje yake. Inahusu ombi lile aliloliidhinisha, si biashara yote ya majina ambayo maamuzi yake yameijenga. Na miezi 12 ni muda mfupi kuliko mkataba wa kawaida wa kupanga duka hapa Mombasa.

Nimewahi kubishana kuhusu jambo hili na kijana mmoja mhandisi wa mitandao, mtu ninayemheshimu. Hoja yake ni kwamba wataalamu wa majina ya intaneti ni wachache duniani, na ukiwafungia milango utabaki na bodi ya watu wasiojua hata seva ya majina ni kitu gani. Sikubaliani naye. Majaji nao ni wachache na wamesoma sana, lakini jaji haamui kesi ya kampuni anayokusudia kuifanyia kazi mwakani. Hakuna anayesema mtaalamu asiajiriwe. Tunasema asubiri, tena achague mapema: ama anaandika kanuni, ama anafanya biashara chini ya kanuni hizo. Kama akiba ya wataalamu ni ndogo kiasi kwamba lazima mtu mmoja avae kofia tatu, basi dawa ni kusomesha wengine, wakiwemo wa huku kwetu, badala ya kuwaachia wachache wale wale wazunguke kati ya viti vile vile.

Maana wa huku kwetu hatupo mezani wakati mambo yanapokatwa. Katika duru ya 2012, ombi moja la kikoa kipya lilitozwa dola 185,000. Maombi 1,930 yalipelekwa, na ya bara zima la Afrika yalikuwa 17. Duru iliyofuata ICANN iliipanga kufunguliwa Aprili 2026, na ada imepanda hadi dola 227,000. Hata la .africa, kikoa cha jina la bara letu, liligeuka kesi ya miaka. Umoja wa Afrika uliiunga mkono kampuni ya usajili ya Afrika Kusini, mshindani wake DotConnectAfrica akalalamika, na Julai 2015 jopo huru likaamua kwamba ICANN haikufuata katiba yake katika kulishughulikia ombi la mlalamikaji. Katika kesi hiyo ilijulikana kwamba wafanyakazi wa ICANN walikuwa wamesaidia kuandika barua ya kumuunga mkono mmoja wa washindani. Kikoa kilianza kufanya kazi mwaka 2017 mikononi mwa wale wa Afrika Kusini, na pengine ndio waliostahili. Lakini msimamizi wa mtihani anapomsaidia mwanafunzi mmoja kuandika, cheti kinabaki na doa hata kama mwanafunzi alikuwa hodari.

Tusidhani basi kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. AFRINIC, shirika letu wenyewe lililoko Mauritius, linaloshika daftari la anwani za namba za intaneti Afrika nzima, mwaka 2019 liligundulika kuwa mamilioni ya anwani zake zilichukuliwa kinyume cha utaratibu, na aliyehusishwa ni mtu wa ndani aliyeaminiwa tangu mwanzo. Baadaye zikaja kesi mfululizo, bodi ikakosa akidi, na Septemba 2023 mahakama ikaliweka chini ya mpokeaji rasmi, yaani msimamizi aliyeteuliwa nayo. Uchaguzi wa Juni 2025 ulibatilishwa kwa mzozo wa hati za uwakilishi wa kura, mpaka bodi mpya ikapatikana Septemba. Shirika la bara zima lilikaa miaka bila bodi!

Ndipo nafika nyumbani. Kikoa cha .ke kiliandikishwa mwaka 1993, na kwa karibu miaka kumi kilitunzwa na watu wa kujitolea, mmoja wao akiwa Marekani, hadi KENIC ilipoundwa mwaka 2002. Waliounda KENIC walifanya jambo la busara: hawakuiacha kwa serikali peke yake wala kwa wafanyabiashara peke yao, waliwaketisha pamoja wadau wa serikali, watoa huduma za intaneti na wasomi. Muundo huo naupenda na ningeutetea. Lakini katika kila bodi ya wadau kuna mdau anayetumia majina na mdau anayeyauza, na wanapopanga ada ya jumla, masharti ya mawakala, au nani ahukumu jina likigombaniwa, masilahi yao hayafanani. Ndiyo maana bodi ya namna hii inahitaji kinga kubwa kuliko bodi nyingine.

Madhara ya daftari kuwa mikononi mwa mchuuzi tumeyaona wenyewe kwa kiwango kidogo. Chama cha wavuvi kilimlipa wakala mmoja akisajilie jina. Wakala akajiandika yeye mwenyewe kuwa mwenye jina. Hakuna aliyejua mpaka walipotaka kuhama, wakaambiwa jina lao linauzwa Sh15,000. Lilikuwa limekwisha kuchorwa kwenye masanduku ya barafu na kuchapishwa kwenye risiti za wanunuzi wa pweza. Wazee wale, watu wanaoamka saa tisa usiku kwenda baharini, walikaa wakichanga pesa ili warudishiwe jina lao wenyewe. Walilipa sehemu, wakala akaliachia. Nikiwaza jinsi mtu mmoja mwenye kompyuta moja alivyowaweza, ndipo naona uzito wa wale wanaoshika daftari zima.

Ninayoyaomba yanawezekana bila fedha nyingi. KENIC iweke kwenye tovuti yake, mahali ambapo hata mimi nitapaona, orodha ya maslahi ya kila mkurugenzi: ana hisa wapi, anauza majina au hauzi, ndugu zake wana kampuni gani katika biashara hii. Kama orodha hiyo ipo tayari kwenye kabati, itolewe nje. Kumbukumbu za mikutano zionyeshe nani alijitoa chumbani na kwa ajenda gani. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi nayo itueleze hadharani kama Sheria ya Mgongano wa Maslahi, inayowalenga maafisa wa umma, inawafikia wakurugenzi wa kampuni isiyo ya serikali inayoshika mali ya umma kama .ke. Ikiwa haiwafikii, Bunge lizibe pengo hilo. Na mtu akitoka KENIC au Mamlaka ya Mawasiliano, asubiri walau miaka miwili kabla ya kuingia katika kampuni aliyokuwa akiisimamia.

Kenya ina kiti katika kamati ya serikali za nchi mbalimbali inayoishauri ICANN, na ICANN yenyewe iliwahi kukutana Nairobi Machi 2010, kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui mlango ulipo. Mwakilishi wetu adai huko kusubiri kulekule kwa miaka miwili, kwa wajumbe wa bodi na kwa maafisa wote wa juu, kabla ya vikoa vya duru mpya kuanza kugawiwa. Atuletee pia taarifa baada ya kila mkutano, kwa Kiswahili, aseme aliomba nini na alijibiwa nini. Barua pepe ya kikundi chetu iko kwenye tovuti, na kabla ya mwezi wa saba tutakapolipia tena majina nitawasomea wanachama jibu lolote litakalokuwa limefika, nalo litaingia kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mweka hazina,
Likoni, Mombasa